Rampu ya zege ya kushushia boti: jenga kwa maji ya miaka, si kwa maji ya leo

Wafanyabiashara wanaotumia Ziwa Victoria wanaijua vizuri hasara inayopatikana kwenye hatua chache za mwisho. Boti imevuka salama, mzigo ni mkavu na mnunuzi anasubiri na lori. Lakini ufuko ni tope, hivyo lori haliwezi kusogea na boti haiwezi kupanda. Makuli wanaingia majini hadi kiunoni na kubeba gunia moja moja. Dagaa wanalowa, unga unalowa, na boti ya mbao inakwaruzwa tumbo kila siku mpaka inaanza kuvuja.

Ndiyo maana wenye boti, wasafirishaji na wafugaji wa samaki kwenye vizimba wanazidi kuulizia rampu ya zege. Hii ni njia yenye mteremko, inayoanzia nchi kavu na kuingia majini, ambayo boti inashushwa na kupandishwa juu yake. Kwa meli kubwa kifaa cha kazi hiyo huitwa chelezo, na ni ujenzi wa mabilioni. Hapa tunazungumzia rampu ndogo ya mtu binafsi, ya boti zinazovutwa kwa trela, kwa winchi au kwa nguvu za watu.

Rampu nyingi za namna hii huharibika mapema, na mara nyingi saruji haina lawama. Zinaharibika kwa sababu mwenye rampu alipima maji ya siku aliyoanza kujenga, akadhani yatabaki hapo. Makala hii inaeleza namna ya kuepuka kosa hilo, kuanzia vibali hadi matunzo.

Kwanza vibali na forodha

Kabla ya kununua mfuko mmoja wa saruji, fahamu kwamba kumiliki kiwanja cha ufukweni si sawa na kumiliki ufuko. Kwa Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu zinazoweza kudhuru hifadhi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto, bwawa au bahari. Kwa Uganda, kanuni za mwaka 2000 za kulinda ardhioevu, kingo za mito na fukwe za maziwa zimetenga mita 200 kwa Ziwa Victoria. Kenya nayo ina kanuni zake za mwaka 2009 juu ya ardhioevu na fukwe.

Hii haimaanishi kwamba rampu haiwezekani kabisa. Maana yake ni kwamba lazima upate kibali kwanza: NEMC kwa Tanzania, NEMA kwa Kenya na NEMA kwa Uganda. Kwa upande wa Tanzania, waone pia ofisi ya bonde la maji, halmashauri, na Shirika la Uwakala wa Meli (TASAC) ambalo linasimamia usalama wa vyombo vya majini. Rampu iliyojengwa bila kibali inaweza kubomolewa, na gharama ya kuibomoa ukatwishwa wewe.

Jambo la pili linawahusu zaidi wanaovuka mpaka. Rampu yako binafsi haikupi haki ya kupakua shehena iliyotoka nchi jirani. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inataka chombo kinachotoka nje ya nchi kifike kwenye bandari au mahali palipotengwa na forodha. Hata mwenye mzigo mdogo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, anayetumia utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya, bado anatakiwa kupita kwenye kituo cha forodha na kugongewa karatasi zake.

Rampu ya binafsi inayopokea mizigo ya nje kimyakimya inaitwa bandari bubu, hata kama zege yake ni nzuri kuliko ya bandari ya serikali. Mzigo unaweza kukamatwa pamoja na boti iliyoubeba. Kwa hiyo panga matumizi yako mapema. Rampu binafsi inafaa kwa kupandisha boti kwa matengenezo, kuhudumia vizimba vya samaki, kuzilaza boti salama wakati wa dhoruba, na kupakia mizigo ya ndani ya nchi pale mamlaka zinaporuhusu. Shehena ya nje ipite kwanza forodhani.

Maji ya ziwa hayakai mahali pamoja

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika makala hii.

Kila mwaka Ziwa Victoria hupanda baada ya mvua za masika na kwa kawaida hufikia kilele karibu na Mei au Juni, kisha hushuka hadi karibu na Oktoba au Novemba. Mabadiliko hayo ya msimu ni madogo, pengine hatua chache tu za ufuko, na mtu anaweza kuyazoea. Mabadiliko yanayovunja rampu ni ya miaka mingi.

Kati ya mwaka 1961 na 1964 ziwa lilipanda kwa karibu mita 2.5, na kumeza mashamba na gati. Mwaka 2006 lilishuka sana, boti zikakaa mbali na gati zake na mialo mingi ikabaki kwenye tope. Mei 2020 likapanda tena na kufikia rekodi ya mwaka 1964, nyumba na mialo zikafunikwa na maji Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka 2024 likapanda tena na kuvuka kiwango cha 2020. Ukilinganisha maji ya 2006 na ya 2020, tofauti ni karibu mita 3 za kusimama wima, ndani ya miaka 14 tu.

Mita 3 za wima zinasikika kuwa ndogo. Lakini kwenye ufuko wenye mteremko wa hatua 1 kwa kila hatua 20, mita 3 za wima ni mita 60 za kutembea. Aliyejenga rampu fupi mwaka 2006 aliikuta imezama yote mwaka 2020. Atakayejenga rampu fupi wakati maji yamejaa, ipo siku ataikuta imekaa juu ya nchi kavu, mwisho wake ukining'inia juu ya tope.

Kwa hiyo, kabla ya kupima chochote, tafuta alama mbili: maji ya juu kabisa na maji ya chini kabisa yanayokumbukwa mahali pako. Waulize wavuvi wazee wa mwalo. Tafuta mstari wa maji kwenye miamba, kwenye kuta za majengo ya zamani na kwenye nguzo za gati. Ofisi ya bonde la maji ina vipimo vya ziwa vya miaka mingi, nayo inaweza kukusaidia kulinganisha kipimo cha leo na cha miaka ya nyuma. Piga kigingi cha chuma au weka alama ya rangi kwenye mwamba, uandike juu yake kipimo cha leo na tarehe. Vipimo vyote vya ujenzi vitatoka kwenye alama hiyo.

Kuchagua mahali

Mahali pazuri pana sifa nne. Ya kwanza ni kina: maji yaongezeke taratibu na bila shimo la ghafla. Ya pili ni udongo: changarawe au mwamba laini ni bora kuliko tope. Chomeka fimbo ya nondo. Ikizama kwa mkono zaidi ya sentimeta 50, jiandae kuchimba sana.

Ya tatu ni upepo. Mchana upepo wa ziwa huvuma kutoka majini kuja nchi kavu, na usiku hugeuka. Rampu ielekee upande ambao mawimbi yanakuja kwa mbele, si kwa ubavu, maana boti inayosukumwa ubavuni itapanda juu ya ukingo wa zege na kupasuka. Ghuba ndogo yenye kinga ni nzuri, ila angalia isiwe mahali ambapo upepo hukusanya gugu maji, kwani rampu itafungwa nalo kwa wiki nzima.

Ya nne ni nafasi ya nyuma. Lori lenye trela linahitaji uwanja tambarare wa kugeuzia, angalau mita 15 hadi 18 nyuma ya rampu. Uwanja huo una faida nyingine: maji yakipanda kuliko ulivyotarajia, unaweza kurefusha rampu kwenda juu.

Mteremko, upana na hesabu ya saruji

Mteremko unaofaa kwa rampu ya boti ni kati ya asilimia 12 na 15. Ukiwa mdogo kuliko hapo, gari litaingia majini hadi kwenye ekzosi kabla boti haijaelea. Ukiwa mkali zaidi, gari litateleza na boti itakuwa nzito kuvuta. Kwa urahisi wa hesabu tumia 1 kwa 8, yaani kila ukienda mbele mita 8 unashuka mita 1. Hiyo ni asilimia 12.5.

Upana wa njia moja ni mita 3.6 hadi 4.5. Tuchukue mita 4. Unene wa zege uwe sentimeta 15 kwa magari madogo na malori ya tani 3 au 4. Kama lori la tani 10 litakanyaga hapo, tumia sentimeta 20. Hata hivyo, ushauri wetu ni kwamba lori lenye mzigo lisishuke kwenye rampu. Lipakiwe juu kwenye uwanja.

Mwisho wa chini wa rampu uwe mita 1 chini ya maji ya chini kabisa unayotarajia, ili magurudumu ya trela yabaki juu ya zege wakati boti inaelea. Mwisho wa juu uwe nusu mita juu ya maji ya juu kabisa.

Sasa tuone hesabu za watu wawili. Wa kwanza anajenga kwa maji ya msimu huu tu, yanayopanda na kushuka nusu mita. Anahitaji mita 1 ya chini, nusu mita ya msimu, na nusu mita ya juu. Jumla ni mita 2 za wima, sawa na rampu ya mita 16. Zege yake ni 16 mara 4 mara 0.15, yaani mita za ujazo 9.6.

Wa pili anajenga kwa mabadiliko ya mita 3. Anahitaji mita 1, mita 3, na nusu mita. Jumla ni mita 4.5 za wima, sawa na rampu ya mita 36. Zege yake ni mita za ujazo 21.6.

Kwa mchanganyiko wa 1:2:3, yaani saruji 1, mchanga 2 na kokoto 3, mita moja ya ujazo inakula mifuko 7 na nusu hivi ya kilo 50. Wa kwanza atatumia mifuko kama 71, wa pili kama 160. Tofauti ni mifuko 90 hivi. Wengi wakiona tofauti hiyo huchagua kuwa kama wa kwanza. Lakini maji yakishuka mita 1 tu, mwisho wa rampu yake utakuwa usawa wa maji na boti haitafika. Yakipanda mita 1, kichwa cha rampu kitakuwa ndani ya ziwa. Mifuko yake 71 yote itakuwa imepotea, na atajenga upya kando ya ile ya kwanza.

Asiye na fedha za mita 36 kwa mara moja asikate tamaa. Anaweza kujenga kwa awamu, mradi mstari wa mteremko uwe mmoja tangu siku ya kwanza. Kama maji ni ya chini, jenga sehemu ya chini sasa, maana nafasi hiyo hairudi kila mwaka, na uache ardhi ya juu wazi kwa awamu ya pili. Kama maji ni ya juu, jenga sehemu ya juu na uteremke hadi mita 1 chini ya maji ya leo. Usijenge ukuta wa kufunga mwisho wa chini, ili maji yakishuka uweze kuendelea. Kosa linaloleta hasara ni kujenga rampu fupi bila kuacha nafasi ya kuirefusha, juu wala chini.

Msingi wa chini

Ondoa tope, nyasi na udongo wote laini mpaka ufike udongo mgumu. Jaza moramu kwa tabaka za sentimeta 15, ukishindilia kila tabaka kabla ya kuweka lingine. Juu yake weka kokoto au mawe madogo ya sentimeta 15 na uyashindilie pia. Kama chini ni tope lisilokwisha, tandaza kwanza kitambaa kigumu cha kutenganisha udongo, kisha mawe makubwa, ndipo kokoto. Zege iliyomwagwa juu ya tope hupasuka katikati siku ya kwanza gari linapokanyaga.

Fanya kazi hii miezi ambayo maji yameshuka na mvua ni chache. Wafanyakazi wanaosimama kwenye maji ya kina kifupi wapewe buti ndefu za mpira, kwa kuwa fukwe nyingi za Ziwa Victoria zina kichocho.

Zege ya sehemu kavu

Mchanga wa ufukweni hauna chumvi kama wa baharini, lakini mara nyingi una vumbi la udongo na makombe. Kuna kipimo rahisi. Jaza mchanga nusu chupa ya plastiki angavu, ongeza maji na kijiko cha chumvi, tikisa, kisha acha saa 3. Udongo utalala juu ya mchanga kama tabaka. Tabaka hilo likizidi sehemu moja ya kumi ya mchanga, osha mchanga huo au tafuta mwingine.

Mafundi wengi hupenda zege ya majimaji kwa sababu ni rahisi kumwaga. Kwenye mteremko zege hiyo itatiririka kwenda chini, na ikikauka itakuwa dhaifu. Kwa kila mfuko wa saruji maji yasizidi lita 25, ukihesabu na unyevu ulio ndani ya mchanga. Zege nzuri ya mteremko inasimama pale unapoiweka. Anza kumwaga chini, ukipanda juu.

Nondo za milimita 10 au 12 zifungwe kwa nafasi ya sentimeta 20, kwa urefu na kwa upana. Zisilale juu ya kokoto. Zinyanyuliwe kwa vipande vidogo vya zege ambavyo mafundi huviita biskuti, ili ziwe na zege ya angalau sentimeta 5 chini yake na juu yake. Nondo iliyo karibu na uso hupata kutu, huvimba na kupasua zege.

Gawanya rampu kwa vipande vya mita 4 hadi 5, kila kipande kikimalizika siku moja. Zege hupungua inapokauka, na usipoipa kiungo itajitafutia ufa yenyewe.

Ukimaliza, funika kwa magunia au nailoni na umwagilie maji kwa siku 7 bila kuruka hata moja. Gari lisikanyage kabla ya siku 28. Wengi huharibu kazi hapa kwa haraka ya biashara. Wiki 3 za kusubiri ni nafuu kuliko kubomoa.

Uso usiteleze

Ndani ya wiki chache baada ya rampu kuguswa na maji, utelezi wa kijani huota juu yake. Zege iliyolainishwa kama sakafu ya nyumba itamwangusha mtu mwenye gunia na kulirudisha gari majini. Kabla zege haijakauka, kandamiza mistari yenye kina na upana wa sentimeta 2.5 hivi kwa kutumia ubao au chuma cha pembe. Mistari iende mshazari kutoka katikati kwenda pembeni, kama mifupa ya samaki, ili maji na tope vitoke kando.

Kwa boti za mbao kuna tahadhari. Mistari hiyo hiyo inayosaidia gari hula mkuku wa boti ikiburutwa moja kwa moja. Tumia trela, au weka magogo ya kuviringisha, au tandika mbao mbili ndefu za kutelezea zenye grisi. Boti isiguse zege.

Sehemu iliyo ndani ya maji

Zege ikimwagwa ndani ya maji yanayotembea, saruji huoshwa na kubaki mchanga na kokoto. Kuna njia mbili za mtu binafsi.

Ya kwanza ni kuzuia maji. Panga mifuko ya mchanga kuzunguka eneo la kazi, weka nailoni ngumu upande wa maji, kisha vuta maji kwa pampu usiku na mchana mpaka zege ishike. Njia hii inafaa kwenye kina kisichozidi nusu mita hivi na mahali patulivu. Siku ya mawimbi usithubutu.

Ya pili, ambayo ni salama zaidi kwa ziwa, ni kutengeneza mihimili ya zege nchi kavu na kuilaza majini ikiwa imekomaa. Mhimili wa urefu wa mita 2, upana sentimeta 30 na unene sentimeta 15 una uzito wa kilo 216 hivi, ambao watu 8 wenye kamba na mitaimbo wanaweza kuulaza. Kwa upana wa mita 4 unalaza miwili kwa kila mstari. Acha nafasi ya sentimeta 2 au 3 kati ya mstari na mstari, ambayo pia hushika magurudumu. Kwa mita 8 za chini utahitaji mihimili 50 hivi.

Kabla ya kuilaza, weka reli mbili au mabomba mawili ya chuma chini ya maji kwa mteremko uleule wa 1 kwa 8. Jaza kokoto kati yake na usawazishe kwa ubao unaopita juu ya reli. Kila mhimili uwe na tundu karibu na kila mwisho, ili upitishe mnyororo au waya wa chuma usioshika kutu na kuiunganisha yote. Bila kuunganishwa, mawimbi yataihamisha mmoja mmoja.

Mguu wa rampu

Ukitembelea rampu zilizokufa, nyingi utazikuta na shimo mwishoni. Chanzo chake ni mashine za boti. Nahodha anataka kupanda rampu kwa nguvu ya injini, anakanyaga mafuta, na panga linachimba udongo ulio mbele ya zege. Baada ya miezi kadhaa kuna shimo. Trela likirudi nyuma kidogo, magurudumu yanadondoka na ekseli inakatika. Baadaye udongo wa chini ya zege nao huanza kutoka, na kipande cha mwisho kinavunjika.

Dawa yake ni mawe. Panga mawe ya sentimeta 15 hadi 30 mbele ya mwisho wa rampu kwa urefu wa mita 2, na kando zote mbili kwa upana wa mita 1. Mahali penye mawimbi makali tumia vikapu vya waya vilivyojazwa mawe. Kisha weka sheria: injini inazimwa boti ikigusa rampu, na kazi ya kupandisha inafanywa na winchi. Winchi ya mkono ni bei ndogo kuliko mguu mpya wa rampu.

Kwa wenye mabwawa binafsi

Mwenye bwawa lake shambani ana bahati ambayo mtu wa ziwani hana. Anaweza kushusha maji mwenyewe, akajenga rampu yote pakavu na kurudisha maji zege ikikomaa. Kwa boti ndogo ya kulisha samaki, upana wa mita 3 na unene wa sentimeta 10 hadi 12 unatosha kama gari halitapita.

Ila azingatie mambo mawili. Kwanza, asikate rampu kwenye tuta la bwawa wala karibu na njia ya maji ya ziada. Maji yatapita kati ya zege na udongo, na tuta linaweza kubomoka lote. Rampu ikae upande wa ardhi ya asili. Pili, maji yaliyosafishia vifaa vya zege ni makali na huua samaki. Yamwagwe mbali, na bwawa lijazwe baada ya zege kumwagiliwa na kuoshwa vizuri.

Matunzo

Kila mwezi sugua utelezi kwa brashi ngumu. Kila msimu maji yanaposhuka, pima mguu wa rampu kwa fimbo, na mawe yaliyosogea yarudishwe. Ufa mdogo uzibwe mapema. Mtu asisimame nyuma ya trela wala kwenye mstari wa waya wa winchi, kwani waya ukikatika unaua. Gurudumu la gari liwekewe kigingi cha mbao kila linaposimama kwenye mteremko.

Soma pia alama yako ya maji kila mwanzo wa mwezi, uiandike kwenye daftari. Kazi ni ya dakika moja. Baada ya miaka michache utakuwa na rekodi ya ufuko wako mwenyewe, na daftari hilo ndilo litakalokuambia lini uongeze mita 5 za zege juu au mihimili 30 chini, kabla boti haijakosa mahali pa kupanda.